Alama Kumi za Swali la Saba

Nchi hii ilikuwa na jina, ila limesimamishwa kwa muda. Pande zote mbili zinalidai, na mpaka vita viishe hairuhusiwi kulitamka hadharani. Kwenye bahasha tunaandika "Hapa". Barua zinafika.

Pande zenyewe ni Serikali Halali na Serikali Halali Zaidi. Kwa mkato watu husema Halali na Zaidi. Halali inashika nusu ya mji iliyo mashariki ya mto, Zaidi inashika nusu ya magharibi. Wimbo wa taifa ni mmoja, ila Zaidi wanauimba kwa sauti ya juu kidogo. Vyeo vya jeshi pia ni vilevile, isipokuwa kule ng'ambo kila cheo kimeongezwa neno. Huku kuna Kanali. Kule kuna Kanali Zaidi.

Vita vilianza darajani. Daraja lilikuwa limekamilika, utepe mwekundu umefungwa, wageni wameketi, mkasi umeletwa kwenye sinia. Rais akanyoosha mkono, na Makamu wa Rais akanyoosha mkono. Kila mmoja akasema hawezi kukata wa pili, kwa sababu utepe ukishakatwa hakuna kilichobaki cha kukata. Hilo ni kweli, na hakuna mgeni aliyelipinga. Kabla soda hazijagawiwa risasi zikaanza.

Huu ni mwaka wa tatu. Utepe bado upo, umepauka, na daraja halijafunguliwa rasmi. Sisi wananchi tunainama na kupita chini yake.

Mimi ni mwalimu mwenye stashahada, Historia na Uraia. Shule hufunguliwa Jumatatu na Alhamisi, kwa hiyo siku zilizobaki nakaanga vitumbua, na binti yangu Chiku huvipeleka kambini. Huanza na kambi ya Halali, kisha huinama chini ya utepe na kwenda ya Zaidi. Hakuna askari aliyewahi kumzuia. Kitumbua kikipoa hakina maana, na hilo wanalielewa.

Darasa langu la kidato cha nne lina madawati arobaini. Mwaka huu yaliyokaliwa ni kumi na tisa. Kaka yake Chiku alikuwa wa dawati la tatu, mstari wa dirishani. Alichukuliwa mwaka juzi. Tuliletewa mkanda wake.

*

Kuna kitu kimoja ambacho pande zote mbili zinakiheshimu, nacho ni mtihani wa taifa. Hospitali imepigwa mabomu mara nne, soko mara sita. Nyumba ya Waziri wa Amani ilipigwa mara moja, na Halali wakaomba radhi, maana ilikuwa yao. Lakini hakuna aliyewahi kurusha hata jiwe karibu na chumba cha mtihani. Kwa wiki tatu kila mwaka mapigano husimama. Askari wakipita chini ya madirisha ya watahiniwa hutembea kwa ncha za vidole, buti mkononi.

Karatasi za maswali husindikizwa na magari mawili, moja la kila upande, yakienda sambamba ili lisiwepo la mbele. Barabara zetu ni nyembamba. Gari moja hupita mtaroni, na hupokezana kila kilomita.

Mwaka huu pande zote mbili zilitoa tamko la pamoja, la kwanza tangu vita vianze. Lilisomwa na redio mbili kwa wakati mmoja. Lilihusu Sera ya Matumizi Bora ya Matokeo. Kuanzia sasa, likasema, swali la saba la Historia litakuwa la lazima, nalo ni hili: Linganisha nguvu na udhaifu wa pande mbili zinazopigana. Alama ishirini. Swali si la siri, kila mtu analijua. Shida ni jibu.

Atakayepata chini ya alama nane ataingia jeshini kama askari wa miguu, upande wa kituo alichofanyia mtihani. Mtu asiyejua anapigana na nani, tamko lilifafanua, huwa mtiifu sana. Atakayepata zaidi ya kumi na mbili atapelekwa chuo cha maofisa, kwa sababu mtu anayejua sana si vizuri kumwacha anatembeatembea. Watakaopata kati ya nane na kumi na mbili watabaki nyumbani na kuendelea na masomo. Sera haibagui wasichana na wavulana. Wageni kutoka nje waliipongeza kwa hilo.

Wazazi tulikutana shuleni tukaomba dua. Tuliwaombea watoto wetu wawe wa wastani. Mama mmoja ambaye mwanawe huongoza darasa tangu chekechea alilia kwa sauti, tukampa pole.

Chiku naye huongoza darasa. Ana miaka kumi na saba, na anataka kwenda Chuo cha Maji akajifunze kuchimba visima na kutengeneza pampu. Nilimkalisha jikoni, nikamweleza.

"Sikiliza. Sifia wenye kituo, waseme vibaya wa ng'ambo, weka kalamu chini. Na usome maelekezo. Jibu lisizidi kurasa mbili."

"Swali linasema linganisha, mama."

"Najua linasema nini."

"Basi nitalinganisha."

Nilimwambia atalinganisha akishafika Chuo cha Maji, alinganishe pampu na pampu. Akaniuliza ni nani aliyesimama mbele ya darasa akasema kwamba anayeandika upande mmoja hajalinganisha, amesifia tu, na atapewa sifuri. Ni mimi. Wakati huo nilikuwa nafundisha vizuri bila kujua madhara yake.

"Kaka yako hakupewa mtihani," nikamwambia. "Wewe umepewa. Utumie."

Chiku alikuwa anapanga vitumbua kwenye ndoo, vya Halali chini na vya Zaidi juu, kisha akavipanga upya.

*

Mwongozo wa kusahihisha swali la saba ulijadiliwa kwa siku arobaini na moja. Mazungumzo ya amani yaliwahi kudumu siku mbili, na moja ilikuwa ya chakula.

Msimamizi wa mjadala alikuwa Bwana Mfaume, Katibu wa Baraza la Mitihani. Bwana Mfaume hayuko upande wowote. Vita vilipoanza kila upande ulidhani upande mwingine umemfukuza, kwa hiyo akaendelea kuja kazini. Ana muhuri mmoja na kijimto kimoja cha wino wa kuugongea, na ndiye mtu pekee nchini ambaye sahihi yake inakubalika kila mahali.

Kila upande ulileta orodha ya nguvu zake kumi na udhaifu wa mwenzake kumi. Katika nguvu za Halali, ya nne ilikuwa kwamba Rais ni mrefu. Zaidi wakaleta kipimo cha futi. Bwana Mfaume akaomba kila upande uandike pia udhaifu wake wenyewe, kwa ajili ya usawa. Halali walikaa faragha siku tano wakaandika: "Upole kupita kiasi." Zaidi wakaisoma, wakakaa siku sita, wakaandika: "Upole kupita kiasi zaidi."

Mwishowe iliamuliwa iwepo miongozo miwili. Ilibanwa pini mgongo kwa mgongo ili pasiwepo ukurasa wa kwanza. Kila jibu litasahihishwa na mwalimu wa Halali kwa mwongozo wa Halali, na kwa nakala yake litasahihishwa na mwalimu wa Zaidi kwa mwongozo wa Zaidi, kisha alama zitajumlishwa na kugawanywa kwa mbili.

Sikusomea hesabu, lakini nilikwenda nayo polepole. Mtoto akiwasifia Halali na kuwasema vibaya Zaidi, kwetu anapata ishirini. Kwa Zaidi anapata sifuri. Ishirini na sifuri, gawanya kwa mbili, kumi. Akifanya kinyume chake, kumi. Akisifu upande wowote, anarudi nyumbani.

Nikatazama ukumbini, tulipoitwa kusomewa mwongozo. Tulikuwa walimu mia mbili, na wote walikuwa wamefika pale nilipofika. Sijawahi kuona walimu wengi hivyo wakinyamaza kwa pamoja bila mkuu wa shule kuingia.

Ili mtu apate ishirini kamili ilibidi aandike kila kitu: nguvu na udhaifu wa Halali, nguvu na udhaifu wa Zaidi, kwa haki, bila kuruka. Tulikubaliana kimoyomoyo kwamba hakuna mtoto mwenye akili timamu atakayefanya hivyo.

*

Tulisahihishia kwenye ukumbi wa chuo cha zamani cha ualimu, mwisho wa daraja. Mstari wa chaki ulipigwa katikati ya kila meza. Upande huu Halali, upande ule Zaidi. Zamani palikuwa na fomu ya kumuuliza msahihishaji kama ana mtoto au ndugu anayefanya mtihani. Ilifutwa baada ya kuonekana kwamba wangebaki wasahihishaji wawili, na mmoja wao alishafariki.

Mbele yangu, ng'ambo ya chaki, alikaa Mwalimu Seleli. Tulisoma chuo hichohicho, yeye mwaka mmoja mbele. Miwani yake ina mkono mmoja, ule mwingine ni uzi. Ni mtu wa kanuni. Chuoni aliwahi kujiripoti mwenyewe kwa kuchelewa.

Kazi ilikwenda vizuri. Yeye alikuwa na nakala, mimi nilikuwa na kitabu chenyewe, tukisahihisha kwa pamoja. Mimi ishirini, yeye sifuri. Mimi sifuri, yeye ishirini. Siku ya nne, baada ya chai, nikafungua kitabu nambari 0417/0093.

Kilianza na maneno "Kwa kifupi". Nikajua hapohapo. Hakuna mtu mwingine katika nchi hii anayeanza na "kwa kifupi" kisha akaandika kurasa tano. Herufi zake za k zina mkia. Kwenye ukurasa wa tatu palikuwa na doa la mafuta ya vitumbua.

Alikuwa amelinganisha.

Kurasa mbili za mwanzo zilikuwa za Halali, nguvu ukurasa wa kwanza, udhaifu wa pili. Ukurasa wa tatu na wa nne zilikuwa za Zaidi, kwa mpangilio uleule. Wa tano ulikuwa hitimisho. Kila hoja ilikuwa na mfano, na kila mfano aliuona kwa macho yake akiwa na ndoo mkononi. Mimi niliwahi kumwambia kwamba hoja isiyo na mfano haina alama.

Nilipoinua macho, Seleli alikuwa ananitazama. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa zawadi.

"Dada, umefika 0093?"

"Nimefika."

"Miaka kumi na tisa nasahihisha. Sijawahi kutoa ishirini iliyotulia. Zote nilizotoa hapa nilizitoa kwa aibu. Leo natoa." Kalamu ilikuwa imeshafunguliwa.

"Usiandike."

"Kwa nini? Nawe utatoa ishirini. Huwezi kulikata hili, wewe ni mwalimu."

"Nitatoa kumi. Nawe andika kumi."

Alivua miwani. Akasema, bila hasira, kwamba hakutegemea hayo kutoka kwangu, kwamba kuna watu wameacha ualimu lakini hakunidhania. Nikainama mpaka kwenye mstari wa chaki.

"Mwenye hilo jibu nimemzaa," nikamwambia.

Alitazama nakala, akanitazama, akatazama k yenye mkia. Nami herufi zangu ziko hivyohivyo.

"Pole, dada," akasema. "Lakini mimi sipunguzi alama kwa huruma. Nitafutie kanuni."

Kwa hilo sikumchukia. Nilichukua karatasi ya maelekezo na kuisoma kuanzia juu, kama ninavyowaambia watoto kila mwaka. Ya kwanza, andika kwa wino. Ya pili, usiandike jina. Ya tisa, usile karatasi. Ya kumi na moja ilikuwa hii: kwa sababu ya uhaba wa karatasi jibu la swali la saba lisizidi kurasa mbili, na msahihishaji asisome zaidi ya hapo.

Nikaigeuza ielekee kwake na kuweka kidole.

Alisoma mara mbili. Kisha akafunika ukurasa wa tatu, wa nne na wa tano kwa kiganja, akaanza upya. Kurasa mbili, Halali peke yao. Kwa mwongozo wangu, nguvu za Halali zilikuwa kumi, zote sahihi: alama kumi. Kwa mwongozo wake, udhaifu wa Halali ulikuwa kumi, wote sahihi: alama kumi. Kumi na kumi, gawanya kwa mbili.

Tuliandika kwa pamoja. Seleli alifuta macho kwa ncha ya ule uzi. Nadhani alikuwa analililia jibu.

*

Bwana Mfaume alijumlisha matokeo ya taifa akayabandika ukutani. Watahiniwa 6,318. Alama ya juu, kumi. Alama ya chini, kumi. Wastani, kumi. Hata wavivu wa miaka yote walikuwa wameandika kurasa zao mbili. Aligonga muhuri na kuandika chini yake kwamba hayo ndiyo matokeo thabiti zaidi tangu Baraza lianzishwe.

Kesho yake asubuhi wakaja Kanali Tindwa wa Halali na Kanali Zaidi Pazi wa Zaidi. Waliingia bega kwa bega. Mlango wa ukumbi ulipanuliwa mwaka jana kwa sababu hiyo.

Kanali Tindwa alitoa hotuba. Alisema taifa linaishi kwa tofauti za watoto wake, kwamba wapo waliozaliwa kuongoza na wapo waliozaliwa kuongozwa, na kwamba haiwezekani watoto elfu sita wakawa wote wa kumi. Kanali Zaidi Pazi alisema hayohayo, ila akaongeza shairi. Kisha wote wawili wakasema mahandaki yana nafasi na lazima zijazwe.

Iliamriwa ukaguzi ufanyike kijeshi. Kijeshi maana yake ililetwa mizani, na vitabu vikapimwa. Akili nyingi, alieleza Kanali, hutumia karatasi nyingi. Mizani ilipofika 0417/0093 ikashuka kuliko yote.

Palitokea ubishi mfupi kuhusu nani akisome. Hakuna aliyekubali mwenzake aanze, wala kusomewa na mwenzake. Bwana Mfaume akapekua daftari lake, akasema kwa utaratibu anayesoma ni msahihishaji wa kitabu chenyewe. Akanyoosha kalamu kwangu. Vilevile, akasema, niandike kumbukumbu za kikao, maana mwandiko wangu unasomeka.

Nikasimama nikasoma jibu la binti yangu mbele ya makanali wawili. Nilisoma kwa sauti ninayotumia kuita mahudhurio.

Nguvu za Halali ziliwafurahisha Halali. Tindwa aliposikia kwamba wana kilima, na kwamba mpishi wao ndiye pekee mjini anayejua kuivisha maharage, aliwageukia maofisa wake akatikisa kichwa kwa fahari. Nikafika udhaifu. Walinzi wa kilima hushuka saa kumi kila jioni kwenda kukamua ng'ombe wao, na hawarudi mpaka maziwa yachemke. Ramani zao ni za kabla mto haujahama, ndiyo maana mwezi wa tano walizingira bwawa la samaki siku nane. Pazi alicheka mpaka akashika meza.

"Bwawa lilijisalimisha?" akauliza.

Nikafungua ukurasa wa tatu. Zaidi wana mzinga mkubwa kuliko wote. Pazi akaacha kucheka, akakaa vizuri. Ukurasa wa nne: mzinga huo hugeuka kushoto tu, na ili upige kulia lazima uzungushwe mzunguko mzima, na wale sita wanaousukuma hupata kizunguzungu wakalala. Neno lao la siri halijabadilishwa tangu vita vianze, na aliyelitunga alihamia Halali siku ya pili, akiwa na daftari lake.

"Tulishangaa nini kinawachelewesha," akasema Tindwa. "Kumbe mnalala."

Hitimisho lilikuwa na sentensi chache. Nilitamani Seleli aendelee kulifunika kwa kiganja, lakini alikuwa ng'ambo ya chaki, ameinamisha kichwa. Nikasoma.

"Kwa kifupi, pande hizi zina udhaifu mmoja unaofanana. Hakuna anayekubali kuwa wa pili. Kwa hiyo jambo lolote linalohitaji mtu wa kwanza na mtu wa pili haliwezi kufanyika katika nchi hii. Vita vinaweza, kwa sababu watu wanaweza kufa kwa wakati mmoja."

Makanali walitazamana. Kisha Tindwa akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, nani ameandika hicho kitabu.

Alisema mtu huyo anahitajika Halali kama Mkuu wa Mipango. Pazi alisema anahitajika kule kama Mkuu wa Mipango Zaidi. Bwana Mfaume akauliza, kwa faida ya kumbukumbu, itakuwaje kama mwenyewe hatataka. Tindwa akajibu kwamba mtu anayejua habari za ng'ombe na za mzinga ama atakuwa ofisini ama atakuwa ardhini. Pazi akasema anaafiki. Nikaandika kwamba pande zote mbili zimeafikiana.

*

Majina ya watahiniwa yamo katika sanduku la chuma. Bwana Mfaume mwenyewe huyafungia humo kabla ya usahihishaji, kisha huweka kufuli mbili. Ufunguo mmoja huenda Halali, mmoja Zaidi. Kufuli zote mbili zinaning'inia kwenye pete moja, zimebanana, na pale penyewe unapenya mkono mmoja tu.

Sanduku lilibebwa na askari wanne, wawili kwa wawili, likawekwa juu ya mstari wa chaki. Tindwa alitoa ufunguo mfukoni. Pazi alikuwa ameinama kwa maofisa wake, anazungumza nao kuhusu neno la siri, na kwa kweli hakuwa anaangalia. Tindwa akapiga hatua. Nusu dakika zaidi na kufuli ya kwanza ingekuwa imefunguka, na ya pili ingefuata bila mtu kutambua.

Nilinyoosha mkono, kama mtoto darasani.

"Waheshimiwa, samahani. Kwa ajili ya kumbukumbu za kikao, niandike nani ameanza?"

Pazi akainuka. Tindwa akasimama, ufunguo hewani.

"Andika mimi," akasema Tindwa.

"Andika nini?" akasema Pazi.

Bwana Mfaume, ambaye ni mtu mwema na ndiyo hatari yake, akajitolea kufungua kufuli zote mbili mwenyewe kama watamwazima funguo. Lakini makanali walimtazama kama mtu aliyeomba kukalia kiti cha Rais. Itakuwaje Katibu awatangulie wote wawili? Akaomba radhi akarudi kukaa.

Walijaribu kuingiza mikono yote miwili. Mikono ikakwama, ikatolewa kwa sabuni. Mtu akapendekeza shoka, ikaulizwa nani atapiga la kwanza. Mchana Tindwa alileta askari kumi walinde kufuli ya Halali isitanguliwe. Pazi akaleta kumi na mmoja. Jioni walikuwa mia. Wiki ilipoisha kilima kilikuwa kitupu, ng'ombe wanakamuliwa kwa wakati, na ule mzinga uliletwa mpaka nje ya dirisha la ukumbi, baada ya mizunguko mingi, kulielekea sanduku.

Haijatangazwa kwamba vita vimekwisha. Imetangazwa kwamba vimehamia ukumbini. Huko hawawezi kupiga risasi, maana vitabu vya mtihani bado vimo ndani, na mtihani unaheshimiwa. Wanalindana. Vitumbua tunapeleka sehemu moja sasa, na ndoo inarudi mapema.

*

Matokeo yalitolewa kwa nambari, kama kawaida, na muhuri wa Bwana Mfaume. Chiku alikwenda ubaoni, akarudi, akaweka karatasi yake mezani jikoni kando ya unga wa mchele.

"Kumi," akasema. "Mama, nimepata kumi. Sawa na Kombo, na Kombo aliandika kwamba mto unaelekea mlimani."

Nilimuuliza kama alisoma maelekezo. Akasema alisoma. Nikamuuliza ya kumi na moja. Akakoroga unga ambao ulikuwa umeshakorogwa. Chuo cha Maji, kinachopokea kwa nambari, kilikuwa kimeshaita yake iripoti Jumatatu, kwa hiyo kwangu jambo lilikuwa limekwisha. Kwake halikuwa limekwisha.

"Lilikuwa jibu la ishirini," akasema.

"Ndiyo."

Akanitazama. Nadhani alitegemea nibishe.

"Nitakata rufaa," akasema. "Waone jina langu, wasome kurasa zote tano, waniambie kosa liko wapi."

Niliifahamu fomu ya rufaa. Ukumbini nilikuwa nimezibeba katoni nzima. Ni ukurasa mmoja: jina kamili, nambari, maelezo ya malalamiko. Hufungwa ndani ya bahasha, na juu ya bahasha kuna nafasi mbili za sahihi, ya Kanali na ya Kanali Zaidi, moja juu ya nyingine, na bila sahihi zote mbili bahasha haipokelewi dirishani wala haifunguliwi na yeyote.

Nikafuta mikono, nikamtafutia kalamu yenye wino mzuri.

"Jaza," nikamwambia. "Jaza vizuri, funga bahasha, halafu uwapelekee."